Hivi Jason Lezak kwenye kupokezana alikuwa moto halafu akiogelea peke yake anapoa, ilikuwaje?

KinaKirefu
Wakuu salama? Jana usingizi uligoma nikaanza kuangalia tena ile fainali ya Beijing 2008, wanaume mita 100 mara nne fristaili. Nishaiangalia sijui mara ngapi na najua kabisa Ufaransa wanapigwa, lakini ikifika mita 50 za mwisho bado naona kama safari hii wanachukua.

Kwa wasioijua: Lezak ndo anaruka wa mwisho kwa Marekani. Leni ya pembeni yupo Alain Bernard, jamaa ambaye mpaka asubuhi ile alikuwa ndo kashika rekodi ya dunia ya mita 100. Lezak anaingia majini akiwa nyuma kwa sekunde 0.59. Wakigeuza ukutani pengo limeshakuwa 0.82. Mtu mzima wa miaka 32, hapo hata mama yake angezima tivii. Halafu anarudi, anarudi, anarudi, anagusa ukuta mbele kwa 0.08. Marekani 3:08.24, Ufaransa 3:08.32. Michael Phelps, mwenzake aliyeogelea wa kwanza, huku nje anapiga kelele mpaka mishipa ya shingo inataka kukatika.

Sasa swali. Mita 100 zake zile ni 46.06. Siku 3 baadaye fainali ya mtu mmoja mmoja, bwawa lile lile, Lezak huyo huyo anaogelea 47.67 na kupata shaba, tena ya kugawana na César Cielo maana walifungana. Hiyo sekunde 1.61 ilitoka wapi na ilienda wapi? Na msinijibu uzalendo tu tafadhali.

MzeeStopwochi
Mleta uzi hapo hujalinganisha sawa. Ukiogelea peke yako unasubiri mlio, mlio ukilia saa inaanza kuhesabu palepale na we bado umeinama umeshika bloku (kile kijukwaa cha kurukia), mpaka miguu iachie bloku imeshakula kama 0.65 mpaka 0.75. Kwenye kupokezana unamuona mwenzako anakuja, unaanza kurusha mikono mapema, mwili unaanguka mbele, vidole vya miguu ndo vinabaki vimeng'ang'ania mpaka yeye aguse. Ukiipata vizuri unaondoka karibu na sifuri. Ndo maana kwenye kupokezana rekodi ya mtu binafsi anaweza kuweka yule wa kwanza tu, hao watatu wengine hata waogelee kama papa haiandikwi kokote. Siku ile ile Eamon Sullivan wa Australia aliondoka wa kwanza kwa 47.24 na ikawa rekodi ya dunia, akampokonya Bernard. 46.06 ya Lezak ni kasi zaidi lakini haimo kwenye kitabu.

SamakiMkavu
Kumbe! Mi kwenye bonanza la kazini nilikuwa na kasi kwenye kupokezana nikadhani ni kipaji 😂

KinaKirefu
Asante MzeeStopwochi, nimekusoma. Ila turudi kwenye hesabu yako mwenyewe. Muda wake bora wa kuanza na mlio mwaka ule ni 47.58, aliupata kwenye mashindano ya kuchagua timu ya Marekani wiki chache kabla. Toa 0.65 unabaki na 46.93. Bado nadai 0.87. Nani analipa?

MamaPovu
Kamba inalipa, ile inayotenganisha leni. Rudia video uangalie kamba.

Nimeogelea mashindano miaka 9 najua ninachosema. Lezak yuko leni ya 4, Bernard leni ya 5. Bernard ni jitu la karibu mita 2 na amejibana kwenye kamba upande wa Lezak, sijui kwa nini, pengine hakujua kabisa. Mtu mkubwa akipita anavuta maji nyuma yake na pembeni yake. Ukikaa karibu na kamba kichwa chako kikawa usawa wa nyonga zake unasikia kabisa maji yamekuwa mepesi, mkono unavuta kwa nguvu ile ile lakini unakwenda mbali zaidi, ni kama umeshuka kwenye kitelemko. Na unajua ukitoka hapo nusu mita tu kinaisha. Lezak ni mzoefu, alisogea kwenye kamba akapanda. Bernard angeogelea upande wa pili wa leni yake tusingekuwa na huu uzi.

Mbishi_Halali
Mama yangu nakuheshimu ila hapo hapana. Kwanza kwenye povu la mtu mkono hauna mshiko, unashika hewa. Pili hata kama wimbi lilimbeba, linakubeba mpaka unamfikia. Ukishafika mabegani kwake huna cha kupanda tena. Sasa zile mita 10 za mwisho alipokuwa sawa naye nani alimsukuma?

Jibu liko kwenye mita 50 mbili. Bernard alikwenda kwa 21.27 kama mtu anayeogelea mita 50 halafu anaenda nyumbani. Lezak alikwenda kwa 21.50. Kurudi Lezak 24.56, Bernard 25.46. Sekunde 0.90 nzima kwenye urefu mmoja wa bwawa! Bernard alikula mtaji wote njia ya kwenda, njia ya kurudi akawa anaogelea na mikopo. Nyie mnamsifu aliyekimbiza, mi namuona aliyeishiwa.

MamaPovu
Povu liko miguuni mwanangu, mi nimesema nyonga. Soma kabla ya kubisha.

Mbishi_Halali
Haya nyonga. Nimekubali nyonga tu.

MzeeStopwochi
Mbishi hoja yako nzuri ila haijibu swali la mleta uzi. Bernard kuishiwa kunaeleza kwa nini Ufaransa walishindwa, hakuelezi kwa nini saa ya Lezak iliandika 46.06. Saa haijui jirani yako amechoka.

Na angalieni hili. Bernard huyo huyo mnayemsema aliishiwa, 46.73 yake ilikuwa ya pili kwa kasi kwa Wafaransa wanne, Bousquet tu ndo alimzidi kwa 46.63. Siku 3 baadaye alichukua dhahabu ya mita 100 kwa 47.21. Kwa hiyo yeye kupokezana kulimpa faida ya 0.48. Lezak kulimpa 1.61. Paris 2024 Pan Zhanle wa China aliogelea peke yake 46.40, rekodi ya dunia, halafu kwenye kupokezana kwa mitindo minne (kila mtu na mtindo wake, wa mwisho fristaili) akamalizia kwa 45.92. Piga hesabu uone tofauti.

Leni_Ya_Nane
0.48! Ile ile ya Bernard. Aisee.

SamakiMkavu
Hiyo inaweza kuwa bahati tu jamani msije mkaanza kuiabudu namba.

KinaKirefu
Mzee ila si ulisema faida ni 0.65 mpaka 0.75? Mbona mabingwa wawili wanapata 0.48 tu?

MzeeStopwochi
Kwa sababu hakuna anayeondoka sifuri kamili kila siku. Wengi wanaacha 0.1 mpaka 0.3 kwa usalama, ukitoka kabla mwenzako hajagusa timu nzima inafutwa. Ukibeba dhahabu ya watu wanne kwenye vidole vya miguu unakuwa mpole.

Hilo nina uchungu nalo. Zamani sana timu yetu ilifutwa kwa hilo, jaji alisema mimi niliruka mapema, wakati huo hakuna kifaa cha kupima ni macho ya mtu. Mpaka leo nasema sikuruka mapema. Wenzangu watatu mpaka leo wanasema niliruka.

SamakiMkavu
😂😂 Mzee uliruka bwana kubali yaishe

Pilipili_Kichaa
Nyote mnahesabu maji mnasahau mdomo. Kabla ya mashindano Bernard alitangaza kwamba wamekuja kuwaponda Wamarekani. Hayo maneno yalizunguka kambini kwa Marekani wiki nzima. Na sio mara ya kwanza, Sydney 2000 Gary Hall Jr. wa Marekani ndo alisema watawaponda Waaustralia kama magitaa, Ian Thorpe wa Australia akamkamata mwishoni, Waaustralia wakasimama pale wakajifanya wanapiga gitaa la hewa mbele ya uwanja mzima. Marekani walikuwa hawajawahi kupoteza hayo mashindano kwenye Olimpiki hata mara moja. Na aliyekamatwa na Thorpe ni Lezak! Kwa hiyo 2008 alikuwa analipa deni la miaka 8.

Leni_Ya_Nane
Pilipili umechanganya. Sydney wa mwisho alikuwa Hall mwenyewe, Lezak aliogelea wa tatu, alikabidhi tu. Lakini deni lilikuwepo kweli, tena mara mbili, ngoja niweke historia yake maana naona watu wanamjua kwa dakika moja ya maisha yake.

2000 Sydney, fedha, hiyo ya magitaa. Kwenye mitindo minne aliogelea mchujo tu, wenzake wakachukua dhahabu fainali na yeye akapewa.

2004 Athens ndo aibu. Marekani wanaanza na Ian Crocker ambaye ni mgonjwa, 50.05, yaani mashindano yameisha kabla hayajaanza. Afrika Kusini wanachukua dhahabu na rekodi ya dunia, Schoeman, Ferns, Townsend na Neethling. Lezak anamalizia na Pieter van den Hoogenband wa Uholanzi anampita, Marekani shaba. Peke yake kwenye mita 100 akaishia mchujo wa asubuhi, hata nusu fainali hakuiona. Dhahabu akaipata mitindo minne.

2008 mnaijua. Na ile dhahabu ya nane ya Phelps, mitindo minne, aliyemalizia ni Lezak tena.

2012 London ana miaka 36, anaingia timu kwa nafasi ya sita ya mita 100, anaogelea mchujo, fainali anakaa pembeni na Marekani wanapigwa na Ufaransa.

Jumla medali 8 za Olimpiki, 4 dhahabu, 2 fedha, 2 shaba. Peke yake ni moja tu, ile shaba ya kugawana. Kwa hiyo mleta uzi kabla ya kusema kupokezana kulimfanya awe mwingine, niambie mwaka 2004 hiyo dawa ilikuwa wapi? Alikuwa anapokezana na alipitwa.

KinaKirefu
Hilo la 2004 limenikaba. Sikulifikiria.

Pilipili_Kichaa
Nimesahihishwa, sawa. Lakini si umeona mwenyewe? Alikuwepo 2000 akiona, 2004 akapitwa yeye mwenyewe. 2008 unadhani alikuwa anaogelea na Bernard? Alikuwa anaogelea na van den Hoogenband.

Mbishi_Halali
Duh hiyo ni tamthilia sasa.

Kapelo
Samahani nauliza tu, mtu anayeogelea mchujo halafu fainali anakaa jukwaani naye anapewa medali? Hiyo si ya bure?

Leni_Ya_Nane
Anapewa ndio, ya kweli kabisa, ila hapandi jukwaa la washindi na wale wanne. Na sio ya bure, bila mchujo hakuna fainali, na kule unawapumzisha wakubwa. Beijing kikosi cha mchujo cha Marekani kiliweka rekodi ya dunia 3:12.23 bila Phelps, bila Lezak. Kesho yake kwenye fainali timu 5 zikaivunja hiyo rekodi kwa mpigo.

Halafu sikiliza kisa. London 2012 Ufaransa walipowalipiza Marekani, Agnel akimkamata Lochte mwishoni, unajua nani aliogelea mchujo kwa Ufaransa? Alain Bernard. Na mchujo wa Marekani aliogelea Lezak. Wote wawili wapo nje wanaangalia kisa chao kinaogelewa upya na vijana, safari hii Bernard dhahabu, Lezak fedha.

SamakiMkavu
Hii nimeipenda kuliko uzi wote. Wawili hao walikaa wapi? Ningelipa kiingilio niwaangalie wao tu.

Tumbo_Bapa
Mnasahau zile suti. Mwaka ule yale mavazi mapya ya kuogelea ya LZR yaliwaelesha watu kama mtumbwi. Timu 5 kuvunja rekodi siku moja unadhani ni moyo? Baadaye wakapiga marufuku mavazi ya plastiki kuanzia 2010. Mtu mzito aliyechoka ndo anafaidi zaidi maana vazi linamshikilia mwili usizame mita 25 za mwisho. Lezak kurudi kwa 24.56 bila kuzama, vazi hilo.

Mbishi_Halali
Na siku 3 baadaye alivua?

Tumbo_Bapa
Hapana ila

Mbishi_Halali
Na Bernard alivaa kaptula ya mpira?

Tumbo_Bapa
Haya nimeelewa msinipige. Nasema tu rekodi ya 3:08.24 mpaka Paris 2024 ilikuwa haijafikiwa, Marekani walichukua dhahabu kwa 3:09.28. Vazi lilikuwa na mchango, kwa wote.

DadaKocha
Nafundisha watoto kuogelea, ngoja niongee kidogo. Kila kikundi nilichopata kuwa nacho kulikuwa na mtoto wa aina hii. Nina binti mmoja sasa hivi, peke yake akipanda kwenye bloku utadhani anapelekwa sindano, anavuta miwani, anaiachia, anaivuta tena, mlio ukilia ndo anakumbuka alikuja kufanya nini. Kwenye kupokezana mpange wa tatu au wa nne, huyo mtoto hana hata muda wa kuogopa, macho yako kwa mwenzake anayekuja, anaruka na anaogelea kama anafukuzwa. Tofauti yake nimeipima, ni kubwa kuliko ya kuruka tu. Kwangu sio nguvu wala wimbi, ni kwamba mlio unampa nafasi ya kujifikiria na mwenzake anayekuja hampi.

Na sio watoto tu. Cate Campbell wa Australia, Rio 2016, dhahabu ya kupokezana na rekodi ya dunia. Siku chache baadaye mita 100 peke yake, wote wanajua ni yake, kwenye michujo anaweka rekodi ya Olimpiki, fainali anaisha wa sita.

MzeeStopwochi
DadaKocha nakuelewa ila Campbell siku ile aliondoka kwa kasi sana akafa njiani, ni kosa la mpango kama la Bernard, sio lazima woga. Tena Lezak alikuwa mtu wa miaka 32 mwenye Olimpiki 2 nyuma yake, sio mtoto wa kuvuta miwani.

DadaKocha
Na kilichomfanya aondoke kwa kasi sana ni nini mzee?

MzeeStopwochi
…

Leni_Ya_Nane
Kuna jambo hamjaligusa. Lezak miaka ile alikuwa anajifua peke yake kabisa, hana kocha, anajiandikia mazoezi mwenyewe, anaingia bwawani mwenyewe. Mtu wa hivyo mwaka mzima hana wa kushindana naye mazoezini, ukimpa watu watatu wanaomtegemea na mmoja wa kumkimbiza inakuwa sikukuu.

Mbishi_Halali
Au kinyume chake, mtu anayejifua peke yake ndo angepaswa kuwa mzuri peke yake. Hiyo hoja inaingia mlango wowote.

Pilipili_Kichaa
Mwenyewe alisimulia baadaye kwamba alipogeuza akaona pengo wazo la kwanza lilikuwa haiwezekani. Kwa hiyo hata yeye hana majibu yenu.

Kapelo
Nje ya mada kidogo, huyo wa tatu wa Marekani Cullen Jones ndo yule aliyenusurika kuzama utotoni?

Leni_Ya_Nane
Ndo yeye. Akiwa na miaka 5 kwenye bustani ya michezo ya maji, mama yake ndo akampeleka kujifunza baada ya hapo. Siku ile Beijing aliogelea 47.65 dhidi ya Bousquet aliyekuwa na 46.63, sekunde nzima na zaidi, ndo hapo uongozi ulipotea. Lezak asingerudisha, lawama zote zingemwangukia Jones. Na ndo aliyekuwa kaogelea pia mchujo, wenzake watatu wa fainali walipumzika.

SamakiMkavu
Bora lawama kuliko wale dada wa Australia 2001 kwenye ubingwa wa dunia Fukuoka, mita 200 mara nne, wameshinda, wakaruka majini kushangilia kabla timu nyingine hazijamaliza, wakafutwa. Dhahabu ikaenda Uingereza. Ningekuwa mimi nisingerudi nyumbani.

MzeeStopwochi
Angalau wao wanajua walifutwa kwa nini.

SamakiMkavu
😂😂😂 Mzee bado!

Chelewa_Ufike
Nimefika sasa hivi wakuu, nimesoma nusu. Kwa hiyo jibu ni nini, wimbi au akili?

Mbishi_Halali
Bernard kuishiwa.

MamaPovu
Kamba.

Tumbo_Bapa
Mi nimekaa kimya.

KinaKirefu
Nimerudia video mara 2 baada ya kusoma hapa. MamaPovu, kwenye kamba uko sahihi, Bernard kajibana kweli, na Lezak amemfuata. Lakini Mbishi naye, nikisimamisha picha kama mita 10 kabla ya ukuta vichwa viko karibu sawa na Lezak bado anaongeza. Hapo hakuna nyonga ya kupanda. Hiyo 0.87 yangu naona imelipwa nusu.

DadaKocha
Wakati mnadaiana mi nina mashindano Jumamosi na sijapanga timu. Huyo binti wa miwani nimuweke wa tatu au amalizie? Wafaransa walimuweka bora wao mwisho wakalia, Marekani walimuanzisha Phelps akaogelea 47.51 kwenye maji matulivu.

MzeeStopwochi
Wa tatu. Wa mwisho anaona kila kitu, atapata muda wa kujifikiria.

Pilipili_Kichaa
Mwisho! Mtafutie tu mtu wa kumtangazia kwamba watapondwa.

MamaPovu
Kwanza leni ya pembeni yenu anaogelea nani, na ni mkubwa kiasi gani?